Vipimo vya Watu Wasiokuwepo

Mwalimu mmoja wa sekondari, niliyesoma naye chuo, ameniomba niwaandikie wanafunzi wake kurasa chache kuhusu kazi ya kutunga riwaya: nilianzaje, nilijifunza kwa nani, na nina ushauri gani kwa anayeanza. Nimelifikiria ombi hilo kwa wiki tatu. Kwanza nilijiuliza kwa nini ameniomba mimi, mtu mwenye riwaya moja ambayo haijachapishwa na hata haijaisha. Kisha nikajiuliza kama ni mtego. Nikaona aibu kumdhania rafiki yangu hivyo, na baada ya chakula nikajiuliza tena. Mama yangu mdogo, ambaye ninakaa kwake hapa Gisenyi, mji wa Rwanda unaopakana na Goma ya Kongo, husema mimi nikipewa chai nauliza kwanza maji yalichotwa wapi.

Ushauri wa kwanza ambao mwalimu angeupenda ni huu: usimwogope msomaji. Siwezi kuuandika. Msomaji wangu wa kwanza alikuwa na bastola kiunoni, na nilimwogopa kwa mwili mzima. Kwa hiyo nitaeleza jinsi alivyofika kwenye maandishi yangu, na wanafunzi watachukua watakachochukua.

Kitabu cha kwanza cha hadithi nilichokuwa nacho hakikuwa na jalada wala kurasa thelathini za mwanzo. Nililetewa na mume wa mama mdogo, dereva wa lori, aliyekiokota katika gereji moja huko Kigoma ambako mafundi walikuwa wakichana kurasa zake kufutia mikono. Kilianza katikati ya sentensi: mtu anafungua mlango, hatujui ni nani wala anamfungulia nani. Nilikisoma mpaka uzi ukaachia, na kila mara nilimtungia mtu yule mwanzo mwingine. Yule mume wa mama mdogo hakuwa msomaji, lakini kila akirudi safari, kabla hajavua viatu, aliniuliza:

"We, ule mutu amefungua mulango ao bado?"

"Bado, baba mdogo."

"Mwambie afanye haraka. Mvua itamunyeshea."

Mwaka wa vita alivuka kwenda Goma pamoja na umati, yeye na mama mdogo. Mama mdogo alirudi mapema, cherehani ikiwa kichwani kwake. Mumewe alibaki kutafuta namna ya kulirudisha lori. Makambi ya wakimbizi yalipovunjwa na watu kurudi kwa miguu siku baada ya siku, mama mdogo alisimama kando ya barabara akitazama nyuso mpaka macho yakavimba. Mumewe hakuwemo. Mtu mmoja alisema alimwona akishika njia ya msituni, kuelekea magharibi. Hatukupata habari nyingine, na tulijifunza kutozitafuta kwa sauti, kwa sababu miaka iliyofuata watu wenye silaha walianza kushuka kutoka milimani na misituni. Mwanamume ambaye hajarudi aliweza kuwa amekufa, au aliweza kuwa mmoja wao. Mtu anayemngoja alitazamwa kwa jicho la pili.

Mimi nilirudi kutoka chuoni na shahada ya lugha ambayo hakuna aliyeihitaji. Asubuhi nilikaa kwenye baraza ya mama mdogo, mtaa wa nyuma ya soko, nikiandika. Yeye alishona. Hajui kusoma maneno mengi, lakini tarakimu anazijua kuliko mimi, na tangu niliporudi kazi yangu ilikuwa kuandika vipimo vya wateja kwenye daftari lake refu la jalada jekundu, yeye akivitaja huku pini zimo mdomoni. Nilijifunza mengi barazani pale. Wateja wakisimama kupimwa huinua mikono, na mtu aliyeinua mikono hawezi kujizuia kusema. Siku nyingine tulisikia milio ya risasi kutoka upande wa Mahoko, mama mdogo akasimamisha gurudumu, tukahesabu pumzi zetu, kisha akaendelea na pindo pale pale alipoliachia.

Siku moja nilijipa moyo nikamsomea ukurasa wa riwaya yangu. Mwanamke mmoja wa Rubona, muuza sambaza, yaani dagaa wa ziwa letu, na mteja wake wa siku nyingi, alikuwa ameketi na beseni lake akingojea gauni. Nilipomaliza, mama mdogo aliweka kiganja juu ya gurudumu.

"Huyu mutu iko murefu ao mufupi?"

"Sijafikiria, mama mdogo. Ni mtu wa kawaida."

"Wa kawaida!" Akamgeukia mwenzake. "Umesikia? Universitaire, musomi muzima, anakata kitambaa bila kupima mutu."

"Ndiyo maana hana bibi," akasema muuza sambaza. "Anangoja mwanamuke wa kawaida."

Walicheka mpaka beseni likatikisika. Mimi nilijisikia moto masikioni. Lakini mama mdogo hakuwa amemaliza.

"Mi sijui mambo ya vitabu," akasema. "Mi najua mutu akikuja hapa namupima kwanza, ndiyo nashona. Watu yako wote wanavaa shati moja. Pima watu yako."

Sijapata ushauri bora kuliko huo, wala sijawahi kuutumia ushauri vibaya kiasi kile. Mtu mwingine angeuelewa kwa akili. Mimi niliutii neno kwa neno. Alasiri ile ile nililigeuza daftari jekundu juu chini, nikaanza upande wa nyuma, nikawaandikia wahusika wangu vipimo: mabega, kifua, kiuno, mkono, urefu wa suruali. Walikuwa wanaume kumi na mmoja. Majina sikuwapa. Nililifikiria sana jambo la majina. Jina mjini kwetu linaweza kusema ukoo wa mtu na dini yake, na msomaji akishalijua anaamua mapema nani alitenda na nani alitendwa. Zaidi ya hapo, jina lolote nililolitunga lingeweza kuwa la mtu fulani aliye hai, na huyo mtu angeweza kukamatwa kwa ajili ya hadithi yangu. Basi, kwa usalama, niliandika Wa Kwanza, Wa Pili, Mwenye Kovu, Mrefu, na kadhalika, na pembeni nikaweka namba za sura ambamo kila mmoja anatokea. Ambaye sikuwa nimemwandika bado nilimwekea neno "hajafika".

Sikumpima mtu yeyote. Nilikaa nikayaota makadirio kichwani, nikijiona fundi. Ni mmoja tu niliyempa vipimo vya kweli. Wa Sita, katika riwaya yangu, ni dereva anayerudi nyumbani kwa miguu kutoka mbali. Nilifungua kurasa za zamani za daftari, za kabla ya vita, nikakuta tarakimu za mume wa mama mdogo kwa mwandiko wa mtu mwingine, nikazinakili. Sikumwambia mama mdogo. Nilijiambia kwamba ni tarakimu tu.

Miezi ikapita. Ukaja msimu ambao kila karatasi ilitisha. Jirani mmoja aliulizwa maswali siku mbili kwa sababu ya barua kutoka kwa shemeji yake. Niliziangalia kaunta buku zangu mbili, riwaya yote mpaka ilipofikia, nikasoma kila sentensi kwa macho ya adui. Kila sentensi ilikuwa na hatia. Nikampa muuza sambaza, aliyekuwa akivuka mpaka kila siku, azipeleke Goma kwa ndugu zetu zikae huko. Alizitia chini ya sambaza akacheka: "Ukitajirika usinisahau, universitaire." Usiku ule nililala vizuri. Siku chache baadaye mpaka ukafungwa. Hata hilo nililiona kama bahati, kwamba nilikuwa nimewahi.

Orodha iliyokuwa nyuma ya daftari jekundu sikuikumbuka hata kidogo. Mtu kama mimi hufunga madirisha yote akaacha mlango.

Walikuja asubuhi, kabla jua halijapanda. Kulikuwa na ukaguzi mtaa mzima, kwa hiyo hatukushtuka kuwaona. Walikuwa askari wawili na mkubwa wao, pamoja na mzee wa nyumba kumi aliyetembea nyuma yao kama mtu aliyekaribishwa kwenye harusi asiyoipenda. Yule mkubwa alikuwa amekulia Tanzania na Kiswahili chake kilikuwa safi kama cha redioni.

"Hodi hapa. Ni ukaguzi tu, mama, usiogope."

"Karibu, afande."

Shule zilikuwa karibu kufunguliwa. Juu ya meza palikuwa na jora zima la kaki na kaptula zilizokatwa zikisubiri kushonwa. Afande aliishika kaki kwa vidole viwili.

"Hii ya nini?"

"Ya watoto ya shule."

"Yote?"

"Watoto ni wengi, afande. Wanazaliwa kuliko mi naweza kushona."

Alitabasamu. Nadhani angeondoka. Lakini alilichukua daftari, akapitisha kurasa za mbele, akaona kaptula ndogo ndogo na majina ya wazazi, akalifunga. Na lilipofungika akaona kwamba lina maandishi upande wa pili pia, juu chini. Akaligeuza. Nilimwona akisoma. Midomo yake ilitembea kidogo kwenye tarakimu.

"Kifua mia moja na kumi," akasema. "Huyu si mtoto, mama."

Mama mdogo aliendelea kupanga kaptula, kwa sababu hakujua anaulizwa nini.

"Wa Kwanza. Wa Pili. Mwenye Kovu. Tatu mpaka saba. Tano na tisa. Huyu hajafika." Aliinua macho, akaitazama ile kaki, akalitazama tena daftari. "Wanaume kumi na mmoja. Daftari la nani hili?"

Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake. Jibu nililijua. Nililipanga: afande, ni langu, ni wahusika. Nikaona neno "wahusika" linatisha, maana anayehusika anahusika na nini? Nikatafuta neno jingine. Nilikuwa bado natafuta niliposikia sauti ya mama mdogo.

"Ni yangu."

Nimeulizwa tangu siku ile kama niliogopa kufa. Sina hakika. Najua kwamba katika muda wa kutafuta neno zuri mtu mwingine alijibu kwa ajili yangu, na sikumkatiza.

Wakamwambia aende nao ofisi ya sekta. Kaki ikabebwa na askari mmoja. Mzee wa nyumba kumi alinigusa bega. "We baki. Funga mulango." Nikafunga mlango nikabaki ndani ya duka, gizani, nikifikiri. Nikienda, nitakamatwa pamoja naye na hakutakuwa na mtu wa kutuletea chakula. Nisipoenda, nitakuwa nimekimbia. Nikienda nikakuta wamekwisha kumwachia, nitaamsha yaliyolala. Kila sababu ilikuwa nzuri, na kila moja iliniacha pale pale kwenye kigoda.

Halafu niliona kandambili zake chini ya cherehani. Mama mdogo hukanyaga cherehani bila viatu, na alikuwa ameondoka vile vile, peku, kwenye mawe yale meusi ya mtaa wetu. Nikaziokota. Nilipokuwa nazo mkononi nilikuwa na la kusema mlangoni, na mtu kama mimi anaweza kwenda popote akiwa na la kusema mlangoni.

"Nimeleta viatu," nilimwambia askari wa ofisi ya sekta.

Ndani alikuwapo konseye, kiongozi wa sekta, nyuma ya meza, yule afande kwenye kiti cha pembeni, na mama mdogo kwenye benchi, utepe wa kupimia bado ukining'inia shingoni kwake. Hakuna aliyekumbuka kuuondoa, hata yeye. Aliponiona alikunja uso.

"Si walikuambia ubaki?"

Nikamwekea kandambili miguuni. Nilipoinuka nikasema, haraka, kabla sijaanza kuchagua maneno: "Afande, maandishi yale ni yangu. Mama mdogo hayajui. Ni watu wa hadithi. Ninaandika riwaya."

"Riwaya," akasema afande. "Vizuri. Iko wapi?"

"Goma."

Nilisikia mwenyewe jinsi neno lile lilivyoanguka.

"Karatasi umezipeleka Goma."

"Ndiyo."

"Lini?"

"Kabla mpaka haujafungwa."

"Kwa nini?"

"Niliogopa zisije zikakutwa."

Konseye alishusha pumzi na kutazama dirishani. Alikuwa mtu wa mtaani, alitujua, na niliona kwamba anatamani nisingekuja. Afande hakupandisha sauti. Alisema polepole, kana kwamba ananisaidia kuhesabu: kuna kaki, kuna wanaume kumi na mmoja wasio na majina, wana vipimo vya sare, wana namba pembeni, mmoja hajafika, na karatasi nyingine zimevushwa mpaka. "Niambie wewe msomi. Ungekuwa mimi ungefanyaje?"

Ningetufunga. Nilijua ningetufunga. Unawezaje kuthibitisha kwamba mtu hayupo? Aliyepo unamleta. Asiyekuwepo utamleta kutoka wapi?

"Afande," akasema mama mdogo. "Niulize kitu?"

"Uliza."

"Ulisoma zile namba, ao ulisoma maneno tu?"

"Nimesoma vyote."

"Nipe nione. Mi sijaona bado."

Alisitasita, akampa. Mama mdogo aliweka daftari mapajani akapitisha kidole kwenye mstari wa kwanza. Uso wake ulibadilika. Hofu ikauacha kwa muda, ikaja hasira niliyoijua, ile ya fundi aliyeletewa nguo iliyoharibiwa na fundi mwingine.

"Mabega sitini na mbili, kifua themanini," akasoma. Akaniangalia. "We mutoto, huyu ni mutu ao ni kabati?"

Kidole chake kikashuka mstari mmoja.

"Huyu wa pili. Mukono themanini na nane, suruali tisini. Yarabi! Huyu akisimama anafagia chini na vidole. Konseye, ulishaona mutu wa hivi?"

"Labda porini," konseye akasema, na akajuta kucheka.

Afande hakucheka. "Unaweza kusema lolote kujiokoa, mama. Mimi si fundi. Nitajuaje?"

"Simama nikupime."

Askari wa mlangoni akamtazama mkubwa wake. Afande alikaa kidogo, kisha akainuka, na mama mdogo akatoa utepe shingoni. Nilimwona akizungusha mikono yake kifuani mwa mtu yule, karibu kabisa na mkanda wa bastola. Ni kazi aliyoifanya maisha yake yote, na mikono yake haikujua kwamba siku ile ilikuwa tofauti. Afande, bila kuambiwa, aliinua mikono kama kila mteja.

"Andika," mama mdogo akaniambia, na konseye akanisogezea kipande cha karatasi. "Mabega arobaini na tano. Kifua tisini na ine. Kiuno sabini na tisa. Mukono sitini na mbili. Suruali mia moja na tatu. Bon. Huyu ni mutu. Sasa weka karibu na wale."

Afande aliketi na karatasi ile upande mmoja na daftari upande mwingine, mama mdogo akasimama begani kwake. Wakashuka mstari kwa mstari. Wa Tatu alikuwa na kiuno ambacho hakikutosha paja. Mwenye Kovu alikuwa na kifua cha ng'ombe na suruali ya mtoto wa darasa la nne. Kila mmoja alipoanguka niliona aibu ya ajabu, kwa sababu niliwapenda, nilikuwa nimeishi nao miaka miwili, na sasa maisha yetu yalitegemea wote wawe wabaya. Niliomba wawe wabaya. Wa Nne. Wa Tano.

Halafu nikakumbuka anayefuata.

Kidole cha mama mdogo kilifika Wa Sita kikasimama. Arobaini na sita, tisini na nane, themanini na nne. Sidhani kama alihitaji kusoma zaidi. Tarakimu zile alizishona kwa miaka kumi na miwili, mashati na suruali, na kanzu nyeupe ya Idi. Shingo yake haikusogea. Sikuthubutu kumtazama usoni. Nilizitazama kandambili, nikaona vidole vya miguu vimejikunja ndani yake.

"Na huyu?" afande akauliza. Alilinganisha na karatasi. "Mbona huyu anakaa sawa?"

Angesema ukweli, kwamba ni mumewe, maswali yangeanza upya na hayangeisha. Yuko wapi mumeo? Unamshonea kaki? Wale kumi ni wenzake?

"Soma mikono," akasema mama mdogo.

"Sitini na tatu. Sitini na moja." Afande akakunja paji la uso. "Kwa nini miwili?"

"Mukono moja murefu, mwingine mufupi." Sauti yake ilikuwa kavu kama chaki. "Wapi uliona mutu wa hivi? Mutoto wangu alisahau kama mutu anazaliwa na mikono sawa. Huyu naye hayuko, afande."

Mume wake alivunjika mkono wa kushoto akiwa kijana, kifuniko cha injini kilipomwangukia, na mfupa ukaunga vibaya. Mjini watu walidhani anasimama upande kwa maringo. Mama mdogo peke yake ndiye aliyejua ni sentimita mbili, na kila shati alilomshonea lilikuwa na mkono wa kushoto mfupi ili vifungo vya mikono yote vikae pamoja.

Afande alitazama mstari ule kwa muda mrefu. Kisha akaruka mpaka Wa Tisa, akasoma kidogo, akatingisha kichwa. Alichana ukurasa, akaukunja mara mbili, akautia mfukoni mwa shati.

"Kijana," akasema, "ukiandika tena, wape watu wako majina."

"Na mikono," akaongeza konseye.

Tulitembea kurudi nyumbani, yeye mbele, mimi nyuma nikibeba jora la kaki. Siku zilizofuata alisema yale ya lazima tu: leta uzi, makaa yamekwisha, funga. Niliandaa namna nyingi za kuomba msamaha na kila moja niliikuta na kasoro. Nilitaka kusema kwamba ni tarakimu tu nilizochukua. Lakini nilikuwepo, niliona zilivyofanya vidole vyake vijikunje. Wanafunzi wa rafiki yangu wakitaka ushauri, uwe huu, ingawa nimeupata kwa gharama ya mtu mwingine: ukitaka kuchukua kitu cha mtu aliye hai, mwombe. Na kama hujui kama yu hai, mwombe anayemngoja.

Ukurasa ule uko wapi sasa, sijui. Huenda ulifuliwa pamoja na shati. Huenda uko ndani ya faili fulani, nao wanaume wangu kumi na mmoja wanatafutwa. Gari likisimama mtaani mchana, mkono wangu huacha kuandika kabla sijaamua.

Mpaka ulipofunguliwa, muuza sambaza alinirudishia kaunta buku zangu. Zilinuka samaki. Niliziweka mezani barazani siku mbili bila kuzifungua. Siku ya tatu mama mdogo akasema, bila kuacha kukanyaga:

"Ule mutu wa sita. Unamwandika bado?"

"Ukitaka nitamtoa, mama mdogo."

"Mi sikuuliza hivyo. Anafanya nini ndani ya kitabu?"

"Anarudi nyumbani. Anatembea."

"Amefika?"

"Bado. Niko sura ya tisa."

Alishona mpaka mwisho wa mshono, akakata uzi kwa meno, akakunjua kaptula, akaikagua, akaiweka juu ya nyingine. Nilidhani mazungumzo yameisha.

"Chukua daftari," akasema. "Andika muzuri. Mabega arobaini na sita."

Nikaandika.

"Kifua..." Alitazama barabara. "Kifua weka tisini. Kiuno sabini na mbili."

"Kilikuwa themanini na nne."

"Tangu mwaka ile anatembea, we unafikiri tumbo iko vile vile? Amekonda."

Nikaandika sabini na mbili. Niliona haja ya kuuliza, nikaogopa, nikauliza.

"Na mikono?"

"Mikono acha vile."